Mrejesho: yule Mjerumani wangu wa "kila mtu alipe chake"

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kama mchumba wangu wa Hamburg ni bahili, maana tukila nje kila mtu analipa chake. Wengi mlisema nimpige chini. Nikamuuliza ana kwa ana. Akashangaa: huku mhudumu mwenyewe huuliza kama bili ni moja au mbili, naye aliogopa kunilipia nisije nikadhani ananinunua! Mimi nasubiri kutunzwa, kumbe mwenzangu ananiheshimu. Sasa tunalipa kwa zamu.

Ndoa tunafungia Denmark, kisiwani Ærø, makaratasi yao mepesi kuliko ya Ujerumani. Limebaki suala la mahari. Mjomba kashataja ng'ombe, na mchumba anauliza watasafirishwaje.