Kitambulisho cha elfu 20 na machinga wa Makoroboi: Magufuli alituachia nini hasa?

Wadau habari za saa hizi. Naona tumerudi pale pale, kila ikitajwa miaka ya 2015 hadi 2021 watu wanagawanyika mafungu mawili, hawa wanasema Magufuli alifufua uchumi wale wanasema aliuua, na ukiwa mtu wa Mwanza ndo kabisa, ukimsifia kidogo unaitwa sukuma gang, yaani kundi la wapambe wake wa Usukumani, ukimkosoa unaambiwa ulikuwa mpiga dili ukabanwa. Mimi Mkerewe, nina fremu ndogo ya vyombo vya plastiki hapa mjini, kadi ya chama chochote sina, kwa hiyo niacheni niseme ninachokiona.

Ninachokiona ni hiki: yale aliyoyatungia sheria bado yapo, yale aliyoyasimamisha kwa mdomo wake yaliondoka naye. Na aliyekula hasara zaidi kwa hayo ya mdomo ni yule yule mnyonge aliyekuwa anatetewa.

Chukua madini. 2017 akazuia makinikia, ule mchanga wa dhahabu uliokuwa unasafirishwa nje, ikatoka ile hesabu ya kuidai Acacia, kampuni ya migodi iliyokuwa chini ya Barrick ya Canada, dola bilioni 190, watu wakaanza kuchagua na rangi ya gari zao aina ya Noah, maana mtaani ilisemwa hela ile ingetosha kila mtu apate lake. Noah haikuja, tukamalizana na Barrick kwa dola milioni 300 na asilimia 16 za hisa kwenye Twiga, kampuni ya ubia na serikali. Wanaomcheka huwa wanaishia hapo. Lakini angalia kilichobaki, sheria zilibadilishwa mwaka ule ule, mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 4 ukaenda 6, serikali ikawa na haki ya hisa zisizopungua 16 kwenye migodi mikubwa, halafu 2019 yakaja masoko ya madini wakaanza na Geita, na mchimbaji mdogo akaondolewa VAT ya 18 na ile kodi ya zuio ya asilimia 5. Zamani mtu wa duara, yaani mchimbaji mdogo wa shimoni, alikuwa anauza kwa broka chumbani usiku, mzani wa broka na bei ya broka, leo anaingia sokoni bei imebandikwa. Rais kabadilika, soko lipo. Hapo mimi nampa maua yake bila kubana.

Sasa njoo kwa machinga, maana ndo biashara ninayoiona kila siku mlangoni kwangu.

Mnakumbuka Desemba 2016, jiji lilishaanza kuwatoa machinga katikati ya mji, mzee akasimama akasema waacheni, wakarudi. Makoroboi, eneo la biashara hapa katikati ya Mwanza, ikajaa, barabara ikabaki ya kupitisha mguu mmoja, shangwe kama wameshinda kombe. Desemba 2018 akatoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, elfu 20 kwa mwaka, kwa mtu ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka, ukishalipa hakuna mgambo wa kukugusa wala ushuru wa kila asubuhi. Wazo zuri, sibishi. Ile mia tano mia tano ya kila siku ilikuwa inamla mtu kuliko hiyo elfu 20.

Ila mliwahi kukishika kile cha kwanza mkononi? Hakina jina, hakina picha. Namba tu. Mtu anakinunua leo, kesho kamuazima shemeji yake. Na hiyo milioni 4 nani alikuwa anaihesabu? Nikawa naona wenye fremu wenzangu, watu wazima na maduka yao, wanatoa mzigo nje wanamkabidhi kijana mwenye kitambulisho auzie barazani, beseni lile lile, bei pungufu kidogo kwa sababu risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, haitoki. Mchana ndani ya duka mashine imetulia, nje wanapokea hela na mikono miwili. Kwa hiyo ile tunayoita huruma kwa mnyonge, sehemu yake kubwa ilikuwa inaingia mfukoni kwa tajiri mwenye stoo, na mjinga akabaki yule aliyeuza ndani akakata risiti akalipa leseni, service levy na kodi ya pango.

Halafu Machi 2021 mzee akaondoka. Haikufika hata mwaka, Oktoba na Novemba ile machinga wakaanza kupangwa upya miji yote na Mwanza ikiwemo, meza zikabomolewa, watu wakapelekwa maeneo mengine ambako wateja hawapiti. Na vile vitambulisho wanavyo mfukoni! Dada mmoja alikuwa anauza kandambili mbele yangu alikuja na chake kakilaminisha, anamuonyesha mgambo, mgambo anakiangalia anamrudishia anasema mama toa mzigo. Kingemsaidia nini? Hakikumpa eneo, hakikutaja mtaa, hakikusema akihamishwa apewe notisi ya siku ngapi. Ulinzi wake ulikuwa ni hofu ya mkuu wa mkoa kutumbuliwa, na aliyekuwa anaogopwa hayupo tena.

Kuna wanaosema angebaki angemalizia. Jamani. Zile sheria za madini za 2017 ziliingia bungeni kwa hati ya dharura zikapita ndani ya siku chache, na bunge lilikuwa lake, baada ya 2020 ndo likawa lake kabisa kabisa. Mtu anayeweza kuibana kampuni ya Canada kwa wiki moja anashindwaje kupitisha sheria ya vifungu kumi kwamba machinga ana haki gani na mwenye duka ana haki gani? Hakushindwa, hakutaka, maana machinga mwenye sheria hamuhitaji tena rais wa kumtetea. Hii ni tafsiri yangu, anayeipinga aipinge.

Na mniache na hoja ya daraja. Daraja la Kigongo na Busisi hapa Ziwa Victoria ni kazi kubwa, kilomita 3, lilianza 2020, limefunguliwa Juni 2025 na limebeba jina lake, ambaye hakuwahi kulala foleni ya kivuko pale na mgonjwa kwenye gari hawezi kuelewa. Lakini zege halihitaji mtu alilinde, biashara inahitaji. Mnachanganya vitu viwili. Makusanyo ya TRA, mamlaka ya mapato, kutoka kama bilioni 850 kwa mwezi kwenda trilioni 1.3, sawa, na Benki ya Dunia kututaja uchumi wa kati Julai 2020, sawa, ila ni miaka hiyo hiyo tulikuwa tunaimba vyuma vimekaza, yaani hela imekuwa ngumu, na watu wanaficha hela chini ya godoro kwa kuogopa akaunti kufungwa.

Mtanitegea kwenye samaki najua, maana Operesheni Sangara ya 2018, ile ya kukamata uvuvi haramu ziwani, sheria ilikuwepo. Ilikuwepo kweli, na makokoro na timba, nyavu haramu hizo, zilikuwa zinamaliza ziwa, sangara wa sentimita 30 anauzwa mwaloni hadharani, mimi nilikuwa upande wa operesheni. Ugomvi wangu ni namna ilivyofanyika, unachoma nyavu ya mtu ambayo ndo mtaji wake wote na bado unampiga faini, halafu hakuna hata mkopo wa nyavu halali, unategemea aende wapi? Wengi walikuja mjini. Wakawa machinga! Wakanunua kitambulisho cha elfu 20, na yaliyowakuta 2021 nimeshayasema.

Kwa hiyo wale wa upande wa alifufua uchumi, msinitajie tena SGR, ile reli mpya, na ndege, hizo nimeziona. Nitajieni kitu kimoja tu alichomfanyia mchuuzi wa chini ambacho mkuu wa wilaya akiamka vibaya kesho hawezi kukifuta. Na nyie wa upande wa aliua, mnaoshangilia machinga kuondolewa Makoroboi kwamba mji umependeza, niambieni yule dada wa kandambili mmemuwekea sheria gani mpya, maana naye nilimuona juzi karudi pale pale barazani, safari hii hana hata kitambulisho.