Naomba ushauri: kupiga shabaha iliyo juu mlimani
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wazoefu wa bunduki. Yangu nimeiseti igonge pale pale ninapolenga kwa mita 100, na kwenye tambarare inagonga vizuri hata mbali. Shida ni bamba la chuma liko juu mlimani, mita 500, mwinuko digrii 30, nikiweka marekebisho ya mita 500 (yaani kiasi cha kuinua ulengaji kufidia risasi kushuka) risasi inapita juu, naona kabisa vumbi linaruka nyuma yake. Nikazidisha umbali kwa kosaini ya digrii 30, yaani 0.866, nikapiga kama mita 433, sasa inagonga ukingo wa chini na nimerudia mara kibao, bunduki imelala kwenye begi imetulia kabisa. Je, kosaini naizidisha kwenye umbali au kwenye marekebisho yenyewe? Na upepo nihesabu 433 au 500 zote? Nisaidieni jamani, inaninyima raha kweli.