Karatasi za mati (zisizong'aa) kwa picha za nyeusi na nyeupe: je, kuna haki ya kumtoza mteja gharama ya karatasi ya pamba?

KivuliChaMgomba (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Nimepewa kazi ya kuchapa picha za nyeusi na nyeupe za ukubwa wa A2, zitakazotundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Moshi. Nyingi ni sura za wazee wakiwa vihambani mwao, kati ya migomba na mibuni, na chache ni za Kibo. Mwenye hoteli hataki karatasi inayong'aa kwa kuwa ukumbi una madirisha mapana yanayotazama mashariki, nami nakubaliana naye. Nitachapia Arusha, kwenye printa ya Epson SureColor P900.

Nimebaki na karatasi tatu: Epson Enhanced Matte ya gramu 192 kwa mita ya mraba, Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308 na Canson Infinity Rag Photographique ya gramu 310. Hizi mbili za mwisho ni za pamba tupu, na bei yake ni kubwa mno hata kabla ya kuhesabu gharama ya kuziagiza. Nikiziweka picha za majaribio pamoja mezani, ile ya bei nafuu ndiyo nyeupe kuliko zote, na nyeusi yake haiachwi mbali. Je, kuna sababu ya kweli ya kumshauri mteja alipie pamba?

Mchapaji_Sakina (Arusha)

Kaka, anza na huo weupe uliokuvutia, kwa sababu ndio utakaobadilika kwanza. Karatasi nyingi za bei nafuu hutiwa kemikali za kung'arisha, ambazo hupokea mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na kuirudisha kama mwanga wa buluu, na jicho likiuona mwanga huo linasema karatasi ni nyeupe sana. Chukua taa ya kukagulia noti, ile iliyopo kwa mawakala na madukani, uwashe juu ya karatasi zako tatu gizani. Enhanced Matte itawaka buluu, Photo Rag ina kemikali hizo kwa kiasi kidogo tu, na Rag Photographique haina kabisa. Kemikali hizo huchoka kadiri zinavyopigwa na mwanga, na zikichoka karatasi hurudia rangi yake ya asili, ambayo huelekea umanjano. Kwenye picha ya rangi mabadiliko hayo yanaweza kujificha, lakini kwenye nyeusi na nyeupe hayana pa kujificha, hasa katika ukumbi unaopigwa na jua la asubuhi kila siku.

Kuhusu nyeusi, usitarajie miujiza kutoka karatasi yoyote ya mati. Uso wake hutawanya mwanga, kwa hiyo kwa kipimo cha densiti, yaani ukolezi wa weusi, nyeusi yake huishia karibu na 1.6 au 1.7, wakati karatasi za kung'aa huvuka 2.2. Tofauti ya maana kati ya karatasi zako haiko kwenye nyeusi kabisa, bali kwenye vivuli vilivyo hatua chache juu yake. Tafuta picha ambayo mzee amevaa koti jeusi na amesimama mbele ya mlango wenye giza, kisha utazame kama pindo la bega bado linaonekana au limemezwa. Mimi hupendelea Photo Rag kwa kazi ya namna hiyo, kwa kuwa vivuli vyake huingia gizani taratibu bila kumezwa ghafla.

Hakikisha pia kwamba kwenye mipangilio ya printa umechagua aina ya karatasi ya mati, ili utumike wino mweusi wa mati. Ukichagua aina ya kung'aa, printa itatumia wino mweusi mwingine na utapata kijivu kilichofifia, kisha utailaumu karatasi bure. Ukichapa kwa profaili ya rangi ya karatasi husika (faili inayoieleza kompyuta jinsi karatasi hiyo inavyotoa rangi), itazame kwanza picha kwenye skrini kupitia profaili hiyo na uinue vivuli kabla ya kuchapa.

FremuNjiro (Arusha)

Wanangu, mimi ni fundi wa fremu, na swali langu ni moja: picha hizi zitawekwa nyuma ya kioo au la? Kioo cha kawaida cha dirisha kitayarudisha yale madirisha ya mashariki usoni pa mgeni, na ile faida ya mati mliyoitafuta itapotea. Nyuma ya kioo hicho, umbile la pamba nalo halionekani tena, kwa hiyo mteja atakuwa analipia uimara peke yake. Kama fedha ipo, agizeni kioo kisichoakisi. Kikiwa pia kinazuia urujuanimno, mjue kwamba karatasi iliyong'arishwa itapoteza ule weupe wa ziada siku hiyohiyo ya kutundikwa.

Bila kioo, mati huchubuka kwa kuguswa na ukucha tu, na haifutiki vumbi kwa kitambaa. Kwa ukumbi wa hoteli, wenye mizigo na watoto, siwashauri.

Halafu pamba hutoa nyuzinyuzi. Pigeni karatasi brashi laini kabla ya kuiingiza kwenye printa, hasa kiangazi, wakati vumbi letu liko kila mahali. Unyuzi ukichapwa juu yake kisha ukadondoka, unaacha nukta nyeupe katikati ya kivuli. Picha ikishatoka, iacheni saa 24 kabla ya kuifungia fremu, na isigusane na kioo.

KivuliChaMgomba (Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kaka wa Sakina. Nitapendekeza Photo Rag pamoja na kioo kisichoakisi, na fedha isipotosha nitapunguza idadi ya picha kabla ya kupunguza ubora wa karatasi. Nina swali dogo: nitautambuaje upande wa kuchapia, na je, karatasi itavumilia masika?

Mchapaji_Sakina (Arusha)

Lowesha kidole kidogo, uguse pembe ya karatasi: upande wenye tabaka la kupokea wino hunata. Wakati wa masika itunze ikiwa imelazwa ndani ya mfuko wake uliofungwa, kwa sababu kingo zikishika unyevu hupinda, na kichwa cha printa huzigusa na kuacha michirizi myeusi. Ukiona kingo zimeanza kuinuka, ongeza kwenye mipangilio nafasi kati ya kichwa na karatasi, na uziingize moja moja.