Nimeitwa ofisi ya mtaa kwa kelele za seva (Njiro)

Kutoka: Mama Wawili, Njiro

Wapendwa Wakenya wenzangu wa Arusha na Moshi, habari za Jumatano.

Asubuhi hii kijana wa ofisi ya mtaa ameniletea barua. Nifike Ijumaa saa nne nieleze habari ya "mashine inayounguruma usiku", tena nije na kibali cha ukaazi. Mashine yenyewe ni seva, yaani kompyuta ya kuhudumia mtandao, aina ya kufungwa kwenye raki, Dell R720, niliyonunua ya mitumba Nairobi. Nasomea mitandao nayo. Iko stoo, na ukuta wa stoo ndio ukuta wa chumba anacholala jirani yangu, bibi mmoja anayeniletea maziwa tangu tuhamie hapa. Naambiwa ndiye aliyelalamika. Hilo limeniuma kuliko barua.

Swali langu: mimi niko kwa DP (pasi ya mtegemezi), mume wangu ana Class B (kibali cha ajira). Ofisi ya mtaa inaweza kudai vibali vyetu? Nibebe halisi au nakala? Na kama kuna anayejua kuituliza hii mashine, tafadhali.

Kutoka: Mpwani, Sakina

Pole sana dada. Nianze na seva.

R720 iliyo nzima, isiyo na kazi nyingi, haifai kusikika ukutani. Ina feni sita na huzipunguza yenyewe. Ikivuma mfululizo, ujue kuna kitu kinaitia wasiwasi. Je, umeongeza kadi yoyote isiyo ya Dell? Mimi niliweka kadi ya mtandao ya bei rahisi, feni zikapanda na zikabaki huko huko, kwa sababu mashine haiwezi kusoma joto la kadi ngeni, basi inapuliza kwa tahadhari. Nilipoichomoa ikatulia. Pili, fungua kifuniko uangalie kama ile plastiki nyeusi ya kuelekeza hewa juu ya prosesa ipo. Za mitumba hufika bila hiyo, au bila vizibo vya nafasi za diski, na hewa inapotea njiani.

Usiogope joto, Arusha ni baridi.

Kutoka: Fundi, Moshi

Mpwani, usimwambie mtu asiogope joto. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya kwenu Mombasa. Dell wenyewe hupunguza kiwango cha joto wanachoruhusu kadiri unavyopanda juu ya mita 950.

Mama Wawili, ingia iDRAC (sehemu ya seva ya kuiendesha ukiwa mbali), ruhusu IPMI (njia ya kuipa mashine amri) kupitia mtandao, kisha kwa programu ya ipmitool tuma hizi mbili:

raw 0x30 0x30 0x01 0x00
raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14

Ya kwanza inaondoa udhibiti wa kiotomatiki, ya pili inaweka feni asilimia 20 (0x14 ni 20). Ukibadilisha 00 ya mwisho kwenye ile ya kwanza kuwa 01, otomatiki inarudi. Faida yake ni kubwa: kasi ya feni ikipungua nusu, kelele hushuka desibeli kama 15. Lakini baada ya hapo feni hazitaongeza kasi zenyewe mashine ikipata moto. Andika skripti (programu fupi) isome joto kila dakika na irudishe otomatiki prosesa ikifika nyuzi 70. Bila skripti usifanye kabisa. Nimezika ubao mmoja wa seva kwa uvivu huo.

Kutoka: Mstaafu, Usa River

Binti yangu, mtangulie bibi huyo kabla ya Ijumaa. Nenda kwake, ukae, umwombe radhi. Zamani kwetu Taveta ugomvi wa ukuta haukufika kwa chifu.

Ila hili la vibali linanichoma. Mkataba wa Jumuiya ulisainiwa hapa hapa Arusha, 30 Novemba 1999. Soko la Pamoja tangu Julai 2010. Na bado mama wa watoto wawili anaulizwa karatasi kwa sababu ya feni! Mimi nakumbuka mpaka ulivyofungwa 1977 mpaka 1983. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Himo. Miaka yote hiyo tuliutazama mlima mmoja, yeye upande wake, sisi upande wetu. Alimzika mwanawe tusifike.

Kuhusu kelele, hilo ni jambo la NEMA, watu wa mazingira, si la mtaa.

Kutoka: Dada wa Kijenge

Mzee, shikamoo. NEMA ni ya kwetu Kenya. Huku ni NEMC, na mtaa una haki ya kusuluhisha majirani kwanza. Tusimpoteze.

Dada, usije ukaifunika kwa godoro au sponji kama alivyofanya mume wangu. Hewa ilizibwa, feni zikapanda zaidi, na sponji inashika moto. Kwa nini isizimwe usiku? Wati 120 saa 24 ni uniti 86 kwa mwezi. iDRAC inaiwasha tena asubuhi ukiwa kitandani.

Kutoka: Mama Wawili, Njiro

Asanteni nyote. Alhamisi jioni sasa.

Plastiki ipo. Kadi ngeni ilikuwepo, nimeichomoa. Nilikwenda kwa bibi, na kumbe kelele anayoilalamikia si ya kila saa. Anasema "inalia kama ndege inaruka, saa nane usiku, umeme ukirudi." Mzee mzima anaamka akidhani nyumba inaanguka. Sikuwahi kujua, chumba chetu kiko upande wa pili.

Kutoka: Fundi, Moshi

Basi hapo ndipo penyewe. Ikipata umeme inajiwasha, na wakati wa kuwaka feni zote hukimbia kasi ya juu. Amri zangu hazisaidii hapo, iDRAC ikikosa umeme inazisahau. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), tafuta AC Power Recovery, yaani ifanye nini umeme ukirudi, weka Off. Stima ikirudi itabaki kimya mpaka uiwashe mwenyewe.

Kutoka: Mama Wawili, Njiro

Nimeweka Off. Nimechomoa waya na kurudisha mara tatu, bibi akiwa kitandani kwake anasikiliza. Kimya. Amenishika mkono akasema hakujua kama watanitaka vibali, alitaka tu kulala.

Kesho ndiyo Ijumaa. Kuna aliyewahi kupeleka DP ofisi ya mtaa? Halisi au nakala?

Kutoka: Mpwani, Sakina

Mungu ambariki bibi. Jumamosi alfajiri naenda Namanga, gari lina nafasi mbili. Mama yangu ametuma mahamri na mbaazi kutoka Mombasa, yatafika kwa basi la usiku. Anayetaka aseme leo.

Kutoka: Mstaafu, Usa River

Niwekee mahamri kumi, mwanangu. Na kama kuna mkate wa sinia, huo pia.