Likizo ya Juni Moshi, watoto niwapeleke wapi na baridi hii?

MamaWawili: Habari wapendwa, watoto wamefunga shule, huku mawingu kutwa hata mlima hatuuoni, wanangu (la pili na chekechea) wanashinda kwenye tivii tu roho inaniuma. Naombeni sehemu ya kwenda na kurudi, na vitu vya kutengeneza nyumbani.

BabaSoweto: Dada nenda Chemka, kwenye ile chemchemi ya kuogelea, unapitia Boma Ng'ombe. Maji meupe pee unaona mpaka mizizi chini, na visamaki vinadonoa miguu, watoto watacheka hadi basi. Ila kuna kina, huyo wa chekechea mvalishe boya na usimwache hata sekunde. Maporomoko ya Materuni subirini pakauke, njia inateleza.

Shangazi_Tengeru: Mkifika Arusha njooni Ziwa Duluti mzunguke kwa miguu msituni, ndege kibao. Nyumbani chukua maganda makavu ya mgomba, loweka kidogo yalainike, uchane nyembamba wasuke kamba halafu wafunge mdoli, nywele unaziacha zikining'inia. Mkubwa mpe boksi la maziwa atengeneze gari, vifuniko vya soda ndo matairi, kutoboa utoboe wewe mama.

MamaWawili: Asanteni jamani! Shangazi, hayo maganda nayaloweka maji ya baridi au ya uvuguvugu?

Shangazi_Tengeru: Ya baridi tu mwanangu, yakishakunjika bila kukatika yatoe.