Insulini ya usiku mtoto asipokula

Mama, Mbale: Mwanangu wa miaka 11 ana kisukari cha aina ya kwanza. Jana alitapika na kukataa matoke, nami nikaogopa kumdunga hata insulini ya muda mrefu. Asubuhi kipimo cha sukari kimesoma 19 (mmol/L), juu sana. Je, nilikosea?

Jibu: Pole, mama. Insulini hiyo huzuia ini lisimwage sukari hata mtu asipokula, kwa hiyo haiachwi, ingawa daktari aweza kuipunguza. Ile ya haraka ndiyo inayofuata kiasi cha chakula kilicho sahanini. Mpime ketoni (asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) kwenye mkojo sasa hivi, na zikionekana, au akitapika tena, mwahishe hospitalini.

Jibu: Akipona, hesabu vidole vya matoke kabla ya kumenya ili upime insulini ya haraka, kwani vikishapondwa havikadiriki.

Mama: Ketoni zimeonekana. Tumeshapanda boda.