Kinasa kipi cha data ya vihisi kinafaa kufunzia akili mnemba ya kijeshi: cha data ghafi, cha data iliyobanwa, au kinachochuja angani?

Mpimaji:
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu za kunasa data ya vihisi kwa ajili ya kufunza akili mnemba ya kijeshi, kwa sababu mijadala mingi ninayoisoma huishia kwenye ukubwa wa diski. Njia ya kwanza ni kinasa kikubwa kinachohifadhi data ghafi kama ilivyotoka kwenye rada, kamera za joto na vipokezi vya redio. Ya pili ni kuhifadhi video na taarifa zilizokwisha kubanwa. Ya tatu ni kuweka ndani ya ndege kompyuta inayoamua vipande gani vitunzwe na vipi vitupwe.

Hesabu zenyewe ni nzito. Kipokezi cha redio chenye upana wa masafa wa megahezi 500, kikichukua sampuli milioni 625 kwa sekunde, na kila sampuli ikiwa na baiti 4, hutoa gigabaiti 2.5 kila sekunde, yaani terabaiti 9 kwa saa moja ya kuruka. Kamera ya joto ya pikseli 640 kwa 512, yenye picha 100 kwa sekunde na baiti 2 kwa pikseli, hutoa takriban gigabaiti 236 kwa saa. Je, inafaa kweli vihisi vyenye tofauti kubwa kiasi hiki vihifadhiwe kwa njia moja?

FundiRada:
Kwa rada na redio, mimi nasimama na data ghafi. Kichakataji cha rada huweka kizingiti, na kila mwangwi ulio chini ya kizingiti hicho hutupwa kabla haujafika popote. Ukinasa matokeo yake tu, modeli yako, yaani programu ya akili mnemba unayoifunza, itajifunza kile ambacho rada ya jana tayari ilikuwa inakiona, ilhali sababu ya kutafuta akili mnemba ni kupata shabaha dhaifu zinazopotea katika kelele. Kwenye video hali inafanana: programu za kubana picha zimetengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu, nazo huanza kwa kufuta mabadiliko madogo, wakati droni iliyo mbali ni pikseli nne au tano tu.

Hata hivyo, data ghafi ina mipaka yake. Kamera ya Marekani iitwayo ARGUS-IS iliunganisha chipu 368 za picha kupata pikseli bilioni 1.8 kwa picha 12 kila sekunde. Hata ukiipa kila pikseli baiti 1 tu, hiyo ni zaidi ya petabaiti 1.8, yaani terabaiti 1,800, kwa siku nzima. Hakuna kiungo cha redio kinachoweza kuishusha yote chini, na ndiyo maana mfumo huo ulituma madirisha machache ya video yaliyochaguliwa na waendeshaji.

MtunzaKumbukumbu:
Naheshimu hoja ya FundiRada, lakini tusiidharau njia ya pili. Nchini Ukraine, mfumo uitwao OCHI, ambao hukusanya video kutoka kwa waendeshaji wengi wa droni, uliripotiwa mwishoni mwa 2024 kuwa umekusanya saa milioni 2 za video tangu 2022, na kwamba huongezewa terabaiti tano au sita kila siku. Kiasi hicho cha kila siku ni kidogo kuliko saa moja ya kipokezi alichokitaja Mpimaji, lakini ndani yake mna theluji, matope, moshi, machweo, vifaru vilivyofunikwa matawi na vilivyokwisha kuungua. Hakuna uwanja wa majaribio unaoweza kukupa utofauti wa namna hiyo, na modeli ya kutambua vitu kwenye picha hufaidika zaidi na utofauti kuliko ubora wa kila picha.

Kasoro yake ipo, na ni kubwa. Video nyingi za droni ndogo huja na maandishi ya betri, kimo na mwelekeo yakiwa yamechomwa juu ya picha. Usipoyaziba kabla ya kufunza, modeli inaweza kujifunza kwamba shabaha hupatikana pale namba fulani zinapoonekana kwenye kona ya skrini.

SaaMoja:
Wote mmeruka jambo ambalo kwangu linatangulia mengine yote, nalo ni muda. Ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde husogea mita 5 katika milisekunde 20. Saa ya rada ikitofautiana na saa ya kamera kwa kiasi hicho, lebo (alama inayoionyesha modeli shabaha iko wapi) uliyoiweka kwa kutumia mahali halisi pa shabaha itaangukia kwenye nyasi, na hapo unaifundisha modeli uongo kwa maelfu ya mifano.

Sura ya 10 ya kiwango cha IRIG 106, ambacho viwanja vya majaribio vya Marekani vimekitumia kwa miaka mingi, hukipa kila kifurushi cha data hesabu ya saa moja ya pamoja inayopiga mara milioni 10 kwa sekunde. Kwa data ya redio, kiwango kiitwacho VITA 49 hubeba masafa, ukuzaji wa mawimbi na muhuri wa muda pamoja na sampuli zenyewe. Kinasa cha terabaiti 100 kisicho na mambo hayo ningekikataa nikachukua cha terabaiti 10 kilicho nayo.

KaratasiNaWino:
Mnunuzi aangalie pia kasi ya kuandika isiyoshuka. Diski nyingi za bei nafuu huandika kwa kasi kubwa mpaka akiba yake ya haraka inapojaa, kisha kasi hushuka sana, na joto la ndani ya chumba cha vifaa huizidisha hali hiyo. Kasi iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni ile ya sekunde za mwanzo.

Kisha kuna suala la kuishusha data baada ya kutua. Safari ya saa nne kwa mfano wa Mpimaji ni terabaiti 36. Kwa mtandao wa gigabiti 10 kwa sekunde, bila upotevu wowote, utahitaji saa 8. Kwa gigabiti 100 ni dakika 48. Ndiyo maana vinasa vizuri vina kasha la diski linalochomolewa na mtu mmoja, lingine likachomekwa papo hapo. Kasi ya mzunguko huu si anasa: katika majaribio ya ndege ya Marekani X-62A, iliyorushwa kwa akili mnemba, kati ya Desemba 2022 na Septemba 2023, zilifanyika safari 21 na kubadilishwa zaidi ya mistari 100,000 ya programu. Huwezi kurekebisha programu kwa kasi hiyo ikiwa data ya safari ya leo bado inanakiliwa kesho kutwa.

Mlinzi:
Kasha hilo linalochomolewa ndilo linaloniogopesha. Mwezi Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 ililazimika kutua Hainan, China, na wahudumu wake hawakuweza kuharibu kila kitu kabla ya kushuka. Usimbaji fiche wa AES-256 uwe ndani ya kinasa chenyewe, na ufunguo uweze kufutwa kwa kitufe kimoja, kwani kufuta terabaiti 36 kwa kuandika juu yake huchukua saa nyingi ambazo rubani hana.

Ninaongeza jambo moja la uwajibikaji. Maelekezo ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani namba 3000.09, yaliyohuishwa Januari 2023, yanataka silaha zinazojiendesha ziwaachie makamanda na waendeshaji kiwango kinachofaa cha uamuzi wa kibinadamu juu ya matumizi ya nguvu. Kinasa basi kihifadhi pia kile ambacho modeli ilipendekeza na kile ambacho mtu aliamua, katika saa ile ile moja. Shabaha ikiwa ilikuwa basi la raia, familia zao zinastahili rekodi inayoonyesha nani alijua nini na lini.

Mpimaji:
Nawashukuru. Kuhusu njia ya tatu, hofu yangu ni kwamba kompyuta inayochuja hutunza kile tu ambacho modeli ya sasa inakitambua, na hivyo upofu wa leo hurithiwa na modeli ya kesho. Nitapendekeza ndege chache zinase data ghafi yote. Zilizobaki zitumie hifadhi ya mzunguko yenye dakika chache zilizopita, ambazo hufungwa zisifutike tukio linapotokea, pamoja na vipande vinavyochukuliwa kwa bahati nasibu pasipo tukio lolote. Katika mkataba, muuzaji aonyeshe saa nne za kuandika vihisi vyote kwa pamoja katika joto la juu kabisa, kisha akabidhi mafaili katika muundo ulio wazi ambao mhandisi wa kampuni nyingine anaweza kuufungua bila kumwomba ruhusa.